Helmeti Kwanza, Redio Baadaye



Neno la safari hii si rahisi kwetu kulitamka, maana kosa lilianzia katika ofisi hii hii inayoliandika. Basi afadhali tulitoe mbele kabisa, mtu asije akasema kwamba twawafundisha wengine huku sisi wenyewe twajificha.

Mwenzetu mmoja wa genge la njia alikuwa akirudi nyumbani kutoka Butere kwa pikipiki yake, saa moja usiku, katika barabara ile ya kwenda Sigalagala. Simu yake alikuwa ameisokomeza ndani ya helmeti, kati ya shavu na sponji, kama mnavyoona vijana wa bodaboda wakifanya kila siku pale Lurambi na kwingineko. Simu ikalia. Akapeleka mkono wa kushoto kuipapasa, na alipoinua macho, trekta la miwa lilikuwa mbele yake halina hata taa moja ya nyuma. Akalikwepa, akaingia mtaroni. Mfupa wa bega ukavunjika. Helmeti ilitoka kichwani kabla yeye hajafika chini, kwa sababu mkanda wa kidevuni haukufungwa. Nao haukufungwa kwa sababu simu ilikuwa imejaza nafasi na mkanda haukufika. Kichwa kiliangukia nyasi. Kingeangukia jiwe, leo tungekuwa twachanga fedha za matanga.

Aliyempigia simu ile ni sisi. Tulitaka kumwuliza kama amekwisha kukusanya mchango wa mwezi wa watu wa genge lake. Neno hilo lingeweza kungoja mpaka asubuhi, tena lingeweza kungoja mpaka mwisho wa juma. Tulimwendea hospitali, tukamwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini msamaha wa mtu mmoja haumalizi jambo, maana kesho twaweza kumpigia mwingine.

Katika mkutano wa tawi uliofuata, ndugu kadhaa walisimama wakasema dawa ya mambo haya ni zile redio za helmeti, ambazo mtu husikia na kunena bila kugusa simu. Wakataka fedha zitolewe katika mfuko wetu wa kusaidiana, zinunuliwe redio kumi na mbili. Wengine wakasema huo ni upuzi wa vijana. Makelele yakawa mengi. Mwisho kamati ikaagiza ofisi ichunguze kwanza, ndipo ilete shauri. Tumechunguza kwa majuma sita. Tuliazima redio moja ya kampuni yenye jina kubwa kwa ndugu mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo, tukanunua nyingine ya bei rahisi kwa fedha zetu za mfukoni, tukazifunga kwenye helmeti na kuziendesha usiku na mchana, katika mvua na katika jua, kutoka Kakamega mjini hadi Butere na kutoka Khayega hadi Luanda.

Wenzetu wa matawi mengine hutuuliza mbona sisi watu wa reli twajishughulisha hivi na pikipiki. Jibu ni fupi. Reli haikufika mjini Kakamega. Ile njia ya kutoka Kisumu hupita Maseno, Luanda na Yala, ikaishia Butere tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Mtu mwenye shamba lake upande wa Shinyalu au Lurambi, kazi ikiwa iko kwenye njia, lazima atafute namna ya kufika, tena saa ambazo matatu hazitembei. Wengi tumenunua pikipiki kwa mkopo, na wengine bado tunalipa.

Sasa, redio yenyewe ni kitu gani? Ni kisanduku kidogo kama kiberiti kinachobanwa ubavuni mwa helmeti. Ndani yake mna betri na mitambo. Kutoka hapo waya mbili huingia ndani: moja ina spika mbili bapa za kukaa kwenye masikio, nyingine ina maikrofoni ya kukaa mbele ya mdomo. Kisanduku huzungumza na simu yako iliyo mfukoni kwa njia ya mawimbi yanayoitwa Bluetooth. (Jina hilo ni la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye husifiwa kwa kuwaunganisha watu wake, mafundi walilichukua kwa sababu walitaka kuunganisha vyombo.) Tena kisanduku kimoja huzungumza na kisanduku kingine moja kwa moja, bila simu na bila mtandao, hata mahali ambapo hakuna mlingoti wa simu. Hapo ndipo tofauti yake na simu ilipo, na hapo ndipo faida yake kwa watu wa zamu ya usiku.

Faida hiyo tusiidharau. Ndugu wawili wakitoka kazini pamoja saa nane za usiku, mmoja mbele mmoja nyuma, yule wa mbele aweza kusema "shimo" na yule wa nyuma akasikia kabla hajalifikia. Tumejaribu hivyo wenyewe, na kweli inasaidia. Mtu aliyembeba mkewe mgonjwa nyuma aweza kumsikia akisema "simama," badala ya kugongwagongwa mgongoni. Basi wale waliosema ni upuzi wa vijana, katika jambo hili tumeona kwamba si kweli.

Lakini kabla hatujafika kwenye redio, twataka kusimama kwenye helmeti, maana hapa ndipo tulipoona mambo ya kutia haya. Tulizipima helmeti za wanachama ishirini na wanane waliokuja na pikipiki siku ya mkutano. Tisa hazikuwa na mkanda unaofunga. Nne zilikuwa zimepasuka na kubandikwa gundi. Moja ilikuwa ni kofia ya mjengo, ile ya njano ya kuvaa chini ya jukwaa la waashi, mwenyewe akasema askari hawajamwuliza kamwe. Kisha watu hawa ndio wanaotaka redio!

Helmeti hufanya kazi kwa namna hii. Gamba la nje huzuia kitu chenye ncha na kutawanya pigo. Chini yake mna ile sponji nyeupe ngumu, inayofanana na ya masanduku ya kubebea samaki. Sponji hiyo hupondeka, na katika kupondeka kwake ndipo inapolimeza pigo lisifike kwenye ubongo. Ikishapondeka mara moja haifai tena, hata kama kwa nje gamba linang'aa. Zile sponji laini za shavuni ni za kuikamata helmeti kichwani isizunguke. Na mkanda ni wa kuizuia isitoke. Kimojawapo kikiharibika, vingine havina maana. Cochrane, shirika linalopima kazi za wachunguzi wa afya, lilikusanya tafiti za nchi nyingi na mwaka 2008 likatoa hesabu kwamba helmeti humpunguzia mwenye pikipiki hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hiyo ni ya helmeti iliyo kichwani mwa mtu. Ile iliyoning'inia kwenye mkono wa pikipiki haimo.

Kwa hiyo simu iliyosokomezwa shavuni ina makosa matatu kwa pamoja. Inaisukuma helmeti ikae upande. Inamfanya mtu aache mkanda wazi. Tena inaweka kipande cha kioo na chuma baina ya pigo na mfupa wa shavu, mahali ambapo fundi alikusudia pawe na kitu laini. Ndugu mmoja alitwambia, "Lakini nimefanya hivyo miaka sita na sijafa." Twamjibu kwamba wale waliokufa hawaji mkutanoni kutoa hoja zao.

Ukichagua helmeti, jaribu kuitikisa ukiwa umefunga mkanda: ngozi ya uso iende pamoja nayo. Ikizunguka peke yake ni kubwa. Inama mbele, mwenzako aivute kutoka nyuma kuelekea juu. Ikitoka, irudishe kwa mwenye duka. Tafuta ndani yake alama ya ubora. Za kutoka ng'ambo mara nyingi huwa na herufi E ndani ya duara, maana yake imepimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Toleo la sita la kanuni hiyo, lililoanza kutumika mwaka 2021, linapima hata helmeti iliyofungwa vile vifaa ambavyo kampuni yake yenyewe imevikusudia, redio ikiwa mojawapo. Mjue basi kwamba hata wataalamu wameona kitu kinachoongezwa kwenye helmeti chaweza kubadili namna inavyopokea pigo. Alama za kubandika hughushiwa, hilo twalijua. Lakini uzito, mkanda, na ile sponji nyeupe ukiifunua na kuitazama, havighushiki kwa urahisi.

Tukija kwenye redio, kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza hutumia Bluetooth ya kawaida: mtu na mtu, au watu wachache waliofungamanishwa kama mabehewa, wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Behewa la katikati likikatika, la nyuma linabaki peke yake. Ya pili mafundi huiita meshi. Hiyo ni kama wavu wa mvuvi: kila redio husikia zote zilizo karibu, na mmoja akipotea wengine huendelea, naye akirudi hujiunga mwenyewe. Kampuni ya Cardo na kampuni ya Sena ndizo zilizotangulia kuuza redio za meshi kwa waendesha pikipiki. Ni nzuri, hatukatai. Lakini bei ya moja yaweza kupita mshahara wa mwezi wa mtu wa genge, na meshi ya kampuni moja kwa kawaida haisikizani na meshi ya nyingine, kama wale wajenzi wa Babeli. Kwa watu wawili wanaotoka zamu pamoja, Bluetooth ya kawaida yatosha.

Lile la umbali, msiamini karatasi. Boksi la redio yetu ya bei rahisi liliandikwa mita 1,000. Tulipoijaribu kwenye barabara iliyonyooka tukafika karibu mita 300, na penye kona za karibu na Jiwe Linalolia pale Ilesi tukapotezana kabla ya hapo. Mawimbi yale hayapendi vilima, miti wala miili ya watu. Hata ile ya bei kubwa ilipungukiwa katika msitu. Lakini mita 300 kwa watu wanaofuatana zatosha, tena anayemwacha mwenzake nyuma zaidi ya hapo usiku ana kosa jingine ambalo redio haiwezi kulitibu.

Kitu cha kutazama zaidi kwetu sisi ni maji. Hapa Kakamega mvua ya alasiri haina huruma. Tafuta kisanduku kilichoandikwa IP67: ile sita ni ya vumbi, ile saba maana yake kimepimwa kwa kuzamishwa ndani ya maji kina cha mita moja kwa nusu saa. Redio yetu ya bei rahisi haikuwa na maandishi hayo, na juma la tatu ilianza kukoroma kama mzee aliyelala. Kifuniko cha tundu la kuchajia kifungwe vizuri kila mara. Na betri zake ni za lithiamu, hazipendi joto. Usiache helmeti juani juu ya bati siku nzima kisha ukashangaa kwamba haifiki usiku. Nyingi husemwa hudumu saa kumi au zaidi za mazungumzo zikiwa mpya. Ile yetu ilidumu saa sita.

Kuifunga si kazi ngumu, ila yataka subira. Toa zile sponji laini za shavuni. Katika helmeti nyingi utaona vishimo vya masikio katika sponji nyeupe; spika zikae humo. Kama havipo, usichimbe kwa kisu! Hiyo sponji ndiyo uhai wako. Wala usitoboe gamba kwa msumari wa moto, kama tulivyoona mtu mmoja amefanya. Helmeti isiyo na nafasi ya spika haikuumbiwa redio, basi. Spika ikae sawa na tundu la sikio. Wengi hulalamika ati redio ni dhaifu, kumbe spika iko kidole kimoja nyuma ya sikio. Vaa helmeti, weka alama kwa chaki mahali sikio lilipo, kisha ubandike. Maikrofoni ikae karibu na mdomo kiasi cha kuigusa kwa midomo ukitaka, na kile kisponji chake kisitupwe, maana ndicho kinachozuia upepo. Helmeti iliyofunika kidevu yataka maikrofoni ndogo ya kubandika ndani; iliyo wazi yataka ile yenye mkono. Waya zipite chini ya kitambaa, zisivuke mkanda.

Kisanduku kikae upande wa kushoto. Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele, usiuondoe pale kwa sababu ya kitufe. Kukibana kuna namna mbili, kibanio cha skrubu au gundi. Kibanio chafaa zaidi kwa mtu atakayebadili helmeti. Kisha kaa juu ya pikipiki iliyosimama, umevaa glavu zako, umefumba macho, utafute kila kitufe mpaka vidole vivijue. Kuunganisha na simu na kuunganisha na redio ya mwenzako kufanywe nyumbani mezani, betri zikiwa zimejaa, redio mbili zikiwa karibu. Tulimwona mtu akifanya kazi hiyo huku anaendesha pale Mukumu. Tulimpigia honi.

Sauti iwekwe kiasi cha kusikia neno, isizidi. Katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa kelele ya upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90, na mtu akiongeza redio juu yake ili aishinde, anajitia uziwi taratibu. Wazee wetu waliofanya kazi za karakana na injini wanajua uziwi wa namna hiyo. Hauumi, unakuja tu, hata siku moja mtu huona wajukuu wake wananong'ona. Dawa si kuongeza sauti. Dawa ni kupunguza mwendo.

Haya yote ni ya fundi. Sasa tuseme lile lililotuandikisha.

Simu ya kushikwa mkononi ni kosa. Katika orodha ya faini ya mwaka 2016 dereva atumiaye simu chombo kikiwa katika mwendo hutozwa shilingi 2,000. Ndugu zetu wanaopenda redio husema: mikono yetu sasa ni huru, basi kosa limekwisha. Halijaisha. Shirika la Afya Duniani lasema dereva atumiaye simu yuko katika hatari ya ajali karibu mara nne zaidi ya asiyetumia, tena lasema simu zisizoshikwa kwa mkono hazipunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Kinachoshikwa na simu ni akili, na akili ya mtu haina mkono wa kulia na wa kushoto.

Sisi watu wa reli hatuhitaji kuambiwa hili na madaktari. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth katika jimbo la California, Marekani, treni ya abiria ilipita taa nyekundu na kugongana uso kwa uso na treni ya mizigo kwenye njia moja. Watu 25 walikufa. Dereva alikuwa akiandikiana ujumbe kwa simu na vijana wapenda treni. Mtaniambia huyo alikuwa mzembe. Vema. Tutazameni basi ya pili. Tarehe 24 Julai 2013, karibu na Santiago de Compostela nchini Hispania, treni iliingia kona ya kilometa 80 kwa saa ikiwa katika mwendo wa 179. Walikufa watu karibu 80. Dereva alikuwa amezungumza kwa simu sekunde chache kabla, na aliyempigia ni mfanya kazi mwenzake ndani ya treni ile ile, kwa jambo la kazi. Hakuna mzaha hapo, hakuna ulevi. Mtu wa kazi alimwita mtu wa kazi katika saa isiyofaa, kama sisi tulivyomwita mwenzetu wa Butere.

Reli ilikuwa na mawasiliano kabla hakuna anayeota kuhusu simu za mfukoni, na jinsi ilivyoyatunza yafaa kuigwa. Bendera nyekundu ni simama, ya kijani ni pita. Mwenye bendera haitumii kueleza habari za harusi. Stesheni masta akipewa ujumbe kwa simu, huurudia neno kwa neno kabla haujakubaliwa. Na katika njia moja dereva hapewi ruhusa ya kuingia sehemu kwa kelele za dirishani. Hupewa ruhusa anayoishika mkononi, anaisoma. Maneno ni machache, yamekubaliwa mbele, na yana saa yake.

Kwa hiyo wale tutakaowapa redio watatumia maneno manne tu wakiwa katika mwendo: shimo, gari, punguza, simama. Asikiaye arudie neno hilo hilo, basi. Simu ya nje isifunguliwe. Redio nyingi zaweza kuwekwa hivyo kwa simu yenyewe kunyamazishwa kabla ya safari. Mwenye haja ya kuzungumza aegeshe kando, azime injini. Muziki hatukatazi barabara nzima, maana hatutatii wenyewe, lakini usiku twaukataza.

Na sisi wenye kuita tujifunge pia. Tangu toleo hili ofisi ya tawi haitampigia mwanachama simu katika saa moja kabla ya zamu wala saa moja baada ya zamu. Tukiwa na neno tutaliandika, alisome akifika. Mwanachama atakayepigiwa na ofisi katika saa hizo alete malalamiko kwa kamati, nasi tutajibu.

Tukishajifunga hivyo, ndipo tutakuwa na uso wa kumwendea mwajiri. Tunataka mapatano ya maandishi kwamba redio na simu za wafanya kazi hazitafanywa kamba ya kumvuta mtu akiwa barabarani. Twaona mbele: leo redio ni ya kusaidiana, kesho msimamizi atasema, "Kwa kuwa unayo sikioni, mbona hukujibu?" Mtu akianguka wakati anamjibu mkubwa wake, ataambiwa hakuwa kazini. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yahusu jeraha lililotokana na kazi. Basi anayetaka kumtuma mtu kazi akiwa juu ya pikipiki yake mwenyewe, akubali pia kwamba saa ile ni ya kazi, na ailipe. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka ule ule inamtwika mwajiri wajibu wa usalama wa watu wake. Anayehitaji kuitwa usiku kwa dharura ya njia apewe helmeti na redio na mwajiri, wala zisikatwe kwenye mshahara.

Imebaki hesabu ya mfuko. Fedha zilizopo zatosha ama redio kumi na mbili za bei ya chini, ama helmeti kumi na mbili nzuri pamoja na redio nne za wastani. Hazitoshi yote. Shauri letu ni hilo la pili. Helmeti ziende kwanza kwa wale tisa wasio na mikanda, na tatu zilizobaki zipigiwe kura kati ya wenye helmeti zilizopasuka na mwenye kofia ya mjengo. Redio nne ni jozi mbili. Zipewe watu wa zamu ya usiku wanaofuatana, zirudishwe ofisini kila mwisho wa mwezi zikaguliwe. Ndugu mmoja wa kamati hakubaliani nasi. Asema helmeti ni jukumu la kila mtu mwenyewe, kwani sheria ya trafiki ilivyorekebishwa mwaka 2012 yamtaka kila mwenye pikipiki awe nayo, na mfuko usimlipie mtu kutimiza sheria. Hoja yake ina nguvu, na atapewa nafasi ya kuisema. Sisi twamjibu kwamba mfuko huo huo ndio utakaolipa jeneza.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Kila mwenye pikipiki aje na helmeti yake, na kama ana ya abiria ailete pia. Zile redio mbili zitakuwapo mezani, kila mtu azivae na kuzijaribu, ila chaja ni moja, tafadhali zisichezewe kabla mkutano haujaanza. Mwenzetu wa Butere amesema atakuja, mkono ukiwa bado umefungwa, na ameomba alete helmeti yake watu waione. Gamba limekwaruzwa upande mmoja. Mkanda wake bado ni mpya.